KIONGOZI WA OKESTRA NI MWALIMU KWANZA

Ukitaja neno kondakta katika kituo cha magari cha Mukuru kwa Njenga, kila asikiaye atamfikiria yule kijana asimamaye mlangoni pa matatu, akiita abiria na kukusanya nauli. Lakini yuko kondakta wa namna nyingine, asiyekusanya nauli ya mtu. Yeye husimama mbele ya wapiga muziki sitini au themanini, kijiti chembamba mkononi, na kwa kijiti hicho huwaongoza wote waanze pamoja, waende pamoja na kumaliza pamoja. Ili tusiwachanganye watu hawa wawili, katika makala haya tutamwita kiongozi wa okestra.

Wasomaji wengi wamepata kumwona mtu wa kazi hii katika televisheni, au wamemwona ndugu yake, bendimasta wa jeshi au wa polisi, katika sherehe za taifa. Na wengi wamejiuliza: mtu huyu afanya kazi gani hasa? Hapigi fidla, hapulizi tarumbeta, wala hagusi ngoma. Kati ya watu wote walio jukwaani, yeye peke yake ndiye asiyetoa sauti hata moja. Mbona basi hupigiwa makofi kuliko wengine?

Jibu la swali hilo lina faida kwa mzazi akaaye mtaa wa mabati, na kwa karani, na kwa mkulima ambaye mwanawe amekwenda Nairobi kutafuta maisha. Kwa maana likieleweka vizuri, laonyesha jinsi kazi hii inavyopatikana, na kama mtoto wa Mukuru aweza kuifikia.

KAZI YAKE NI NINI?

Yafaa tuanze na jambo ambalo karibu kila mtu analijua. Katika kwaya ya kanisa kuna sauti nne: ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. Mwalimu wa kwaya hufundisha kila sauti peke yake, kisha huziunganisha. Wimbo ukiharibika, yeye ndiye anayejua ni sauti ipi iliyopotea njia, hata kama waimbaji wenyewe hawajui.

Okestra ni vivyo hivyo, ila sauti zake si nne, bali huweza kufika ishirini na kuzidi. Mbele hukaa wapiga vyombo vya nyuzi, nao ndio wengi: fidla za kwanza, fidla za pili, viola, selo na besi. Nyuma yao huwako vyombo vya kupuliza vilivyo vyembamba, kama filimbi, obo, klarineti na basuni. Kisha huja vyombo vya shaba, yaani tarumbeta, pembe na trombone, na mwisho kabisa ngoma. Kila mpigaji ana karatasi ya sehemu yake tu. Kiongozi peke yake ndiye aliye na kitabu kizima, ambacho sauti zote zimeandikwa juu kwa chini katika ukurasa mmoja, naye hana budi kuzisoma zote kwa mara moja.

Mkono wake wa kulia huonyesha mapigo. Ikiwa muziki ni wa mapigo matatu, mkono hushuka, huenda kulia, kisha hupanda. Ikiwa ni wa mapigo manne, hushuka, huenda kushoto, huvuka kwenda kulia, ndipo hupanda. Mkono wa kushoto huwaambia hawa wapunguze sauti, wale waongeze, na wengine wajiweke tayari maana zamu yao imekaribia. Hata pumzi yake ni amri, kwa kuwa okestra nzima huvuta pumzi pamoja naye kabla ya pigo la kwanza.

Lakini hayo ni yale yaonekanayo siku ya onyesho. Sehemu kubwa ya kazi yake hufanyika kabla ya siku hiyo, mahali ambapo hakuna mtu wa kumpigia makofi. Nyumbani husoma kitabu cha noti mpaka aweze kuusikia muziki kichwani bila chombo. Mazoezini husimamisha wapigaji, huwaambia watu wa selo kwamba noti yao iko chini kidogo, humwonyesha mpiga fidla namna ya kuvuta upinde, huwarudisha wote mwanzo, na huwarudisha tena. Kwa hiyo, ndugu msomaji, hiyo ni kazi ya ualimu. Yule tumwonaye jukwaani ni mwalimu ambaye darasa lake limefika siku ya mtihani.

KIJITI KILIVYOANZA

Zamani wenzetu wa Ulaya hawakutumia kijiti. Mara nyingi mpiga fidla wa kwanza au mpiga kinanda ndiye aliyewaongoza wenziwe kwa kutikisa kichwa. Wengine waligonga sakafu kwa fimbo nzito. Mmoja wao, Jean-Baptiste Lully, aliyekuwa mkuu wa muziki wa mfalme wa Ufaransa, alikuwa akiongoza muziki wa kushukuru kupona kwa mfalme huyo mwanzoni mwa mwaka 1687. Kwa bahati mbaya alijipiga fimbo kidoleni mwa mguu. Kidonda kikaoza, naye akafa mwezi wa Machi mwaka ule ule.

Kijiti chepesi kilikuja kuenea katika karne ya 19. Miongoni mwa waliokipa heshima ni Felix Mendelssohn, Mjerumani, aliyechukua uongozi wa okestra ya mji wa Leipzig mwaka 1835, akiwa na umri wa miaka 26. Aliwazoeza wapigaji wake kwa bidii hata sifa ya mji huo ikaenea Ulaya yote. Hata hivyo, yeye mwenyewe aliona kwamba okestra nzuri haiwezi kudumu ikiwa inategemea wapigaji waliokwisha kuiva peke yao. Lazima pawe na mahali pa kuwapika wengine. Basi mwaka 1843 alifungua chuo cha muziki katika mji huo huo. Mendelssohn alikufa mwaka 1847, lakini chuo chake kingali kikifundisha mpaka leo.

Twamtaja mtu huyu kwa sababu habari yake imejirudia katika nchi nyingine mbali na kwao, na hata hapa kwetu Nairobi. Mtu hutaka okestra, na kabla hajaipata au akiisha kuipata, hulazimika kufungua darasa.

NAIROBI, MWAKA 1944

Vita Kuu ya Pili ilikuwa haijakwisha wakati Nat Kofsky, mpiga fidla na kiongozi wa okestra, alipoanzisha chuo cha muziki mjini Nairobi mwaka 1944. Kiliitwa Chuo cha Muziki cha Afrika Mashariki, nacho ndicho kilichokuja kuitwa Kenya Conservatoire of Music. Makao yake yako jirani na Jumba la Michezo ya Kuigiza la Taifa, lililofunguliwa mwaka 1952. Okestra ya Nairobi nayo ilikua ubavuni mwa chuo hicho, ikiwa na wapigaji ambao wengi wao walikuwa na kazi nyingine mchana, na jioni walikusanyika kufanya mazoezi.

Katika miaka ile ya ukoloni okestra ya mjini ilikuwa hasa ya Wazungu. Mwafrika aliyetaka kusoma noti aliingia kwa milango mingine. Mlango wa kwanza ulikuwa kanisa na shule ya misheni, ambako alifundishwa kuimba kwa do, re, mi. Mlango wa pili ulikuwa bendi za jeshi na polisi, ambako kijana alipewa tarumbeta au klarineti na kufundishwa kuisoma karatasi. Mlango wa tatu ulikuwa mashindano ya muziki ya Kenya, yaliyoanza mwaka 1927, na ambayo baadaye yalikuja kuwa ya shule za nchi nzima.

Kwa milango hiyo walipita walimu wakubwa. George Senoga-Zake alikuwa mzaliwa wa Uganda aliyetumikia jeshi la King's African Rifles, kisha akawa mwalimu wa muziki nchini Kenya. Alifundisha wanafunzi wengi, na mwaka 1986 alitoa kitabu juu ya muziki wa kienyeji wa makabila ya Kenya. Graham Hyslop, Mwingereza, alikuwa ofisa wa serikali wa mambo ya muziki na maigizo. Wasomaji wa Kiswahili humkumbuka pia kwa michezo yake miwili ya kuigiza iliyotolewa mwaka 1957, Afadhali Mchawi na Mgeni Karibu.

Mwaka 1963, Kenya ilipokaribia uhuru, watu watano walipewa kazi ya kutayarisha wimbo wa taifa. Nao ni Hyslop, Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi. Hawakwenda kuazima sauti ya kigeni. Walichukua sauti ya wimbo ambao akina mama wa Kipokomo huwabembelezea watoto, wakaipanga upya ifae kuimbwa na umati na kupigwa na bendi. Huo ni mfano mzuri wa faida ya elimu ya muziki. Sauti ilikuwa ya mama wa Tana, na ufundi wa kuipanga ulikuwa wa walimu. Huyo Washington Omondi ndiye aliyeongoza tume ya muziki iliyoundwa mwaka 1982 na kutoa taarifa yake mwaka 1984.

GEREJI LA CARACAS NA FIDLA ZA KINSHASA

Labda msomaji atasema: hayo ni mambo ya chuo na serikali, je, sisi wa mitaa ya mabati? Tutazame watu wawili ambao hawakuanza na kitu.

Wa kwanza ni José Antonio Abreu wa Venezuela, nchi ya Amerika ya Kusini. Alizaliwa mwaka 1939, akasoma uchumi na pia muziki. Mwezi wa Februari mwaka 1975 aliwaita vijana waje kufanya mazoezi ya okestra katika gereji la mji wa Caracas. Waliofika walikuwa 11 tu. Wengine wangeahirisha, lakini Abreu aliwafundisha hao hao 11. Kanuni yake ilikuwa kwamba mtoto asingoje miaka mingi peke yake na mwalimu ndipo aingie okestra. Aingie tangu mwanzo, apige noti mbili anazozijua, na akijua nne amfundishe anayejua mbili. Kazi hiyo ilienea Venezuela nzima ikachukua watoto wengi wa mitaa maskini. Mmoja wa waliolelewa humo ni Gustavo Dudamel, aliyezaliwa mwaka 1981, ambaye mwaka 2009 alikabidhiwa uongozi wa okestra kubwa ya Los Angeles huko Marekani. Abreu alifariki mwaka 2018.

Wa pili ni Mwafrika mwenzetu, Armand Diangienda wa Kinshasa, nchini Kongo, mjukuu wa Simon Kimbangu aliyeanzisha kanisa lijulikanalo kwa jina lake. Diangienda alikuwa rubani wa ndege. Alipopoteza kazi hiyo, hakukaa akilalamika. Mwaka 1994 alikusanya waumini wachache wakaanza okestra. Fidla zilikuwa chache kuliko watu, hata wapigaji kumi na wawili hivi waligawana fidla tano kwa zamu. Uzi ukikatika, walitafuta waya wa breki ya baiskeli wakaufunga mahali pake. Yeye mwenyewe hakupitia chuo cha muziki, bali alijifunza kwa kusoma na kusikiliza, na alichokijua jana alikifundisha leo. Wapigaji wake walikuwa wachuuzi, mafundi na watu wa kazi za kila siku, waliofika mazoezini jioni kwa miguu. Mwaka 2010 ilitolewa filamu juu yao, na mwaka 2013 Diangienda alipewa heshima ya uanachama na Royal Philharmonic Society ya London, chama kilichoanzishwa mwaka 1813.

Gereji na waya wa breki vimetajwa hapa ili msomaji aone ni kitu gani ambacho hakikuweza kukosekana. Caracas palikosekana ukumbi. Kinshasa palikosekana fidla na nyuzi. Lakini mwalimu hakukosekana hata siku moja. Kama angekosekana, fidla mia mpya zisingefaa kitu.

KOROGOCHO

Habari ya Caracas ilifika Nairobi. Katika miaka ya 2008 na 2009 Bibi Elizabeth Njoroge, ambaye elimu yake ya kwanza ilikuwa ya ufamasia, alianza kuwafundisha muziki watoto wa Korogocho, katika uwanja wa kanisa Katoliki la Mtakatifu Yohana. Mahali hapo ni karibu na jaa la Dandora, ambako taka za jiji zimekuwa zikitupwa tangu miaka ya 1970. Moshi wa jaa huingia madarasani. Mpango huo uliitwa Ghetto Classics.

Walianza na watoto wachache na vyombo vya kuazima. Baadaye mamia ya watoto walipita humo, na kazi ikavuka Korogocho ikaingia mitaa mingine na Mombasa. Mwaka 2014 kampuni ya Safaricom ilisaidia kuanzishwa okestra ya vijana, ambamo watoto wa Korogocho na wa mitaa ya matajiri walikaa kiti kwa kiti. Papa Fransisko alipozuru Kenya mwezi wa Novemba mwaka 2015, vijana wa Ghetto Classics walikuwa miongoni mwa waliompigia muziki.

Jambo la kuangaliwa zaidi ni hili. Watoto waliotangulia walipokuwa vijana, wengi walirudi kuwafundisha waliowafuata. Kijana aliyekuwa akijifunza klarineti alikuja kuwa mwalimu wa klarineti. Wengine walisimama mbele ya wenzao na kijiti. Ndivyo anavyopatikana kiongozi wa okestra. Hanunuliwi dukani, bali hukua katika darasa kama mche unavyokua kitaluni.

MUKURU KWA NJENGA

Kutoka Korogocho, mtu akiifuata barabara ya Outering kuelekea kusini mpaka upande wa Embakasi, hufika Pipeline, na nyuma ya maghorofa ya Pipeline huanza Mukuru kwa Njenga. Neno mukuru kwa Kikikuyu ni bonde, na mto Ngong hupita katika bonde hilo ukienda na maji machafu ya viwanda. Wakaaji wake wengi hufanya vibarua vya Industrial Area, au huuza mboga, maji, mitumba na chakula kando ya njia. Mwezi wa Agosti mwaka 2017 serikali ilitangaza Mukuru yote, yaani kwa Njenga, kwa Reuben na Viwandani, kuwa eneo la mipango maalumu. Hesabu iliyofanywa ilionyesha kwamba kaya zipatazo 100,000 zaishi humo.

Ni lazima tuseme ukweli juu ya ugumu wa kufundisha fidla mahali kama hapo. Chombo cha mbao hakipendi nyumba ya mabati. Mchana joto huilegeza gundi, na usiku baridi na unyevu huifanya mbao ivimbe na kupasuka. Chumba ni kimoja, mtoto mchanga amelala, na jirani amerudi kutoka zamu ya usiku kiwandani, hivyo atapigia wapi mazoezi? Tena mahali penyewe si pa kutegemewa. Mwezi wa Oktoba na Novemba mwaka 2021 nyumba nyingi za Mukuru kwa Njenga zilibomolewa ili kufungua njia ya barabara, na maelfu ya watu wakalala nje. Mwaka 2024 mvua za masika zilifurisha mto ukaingia majumbani. Mwalimu anayefundisha mtoto kwa miaka minane, na mtoto mwenyewe hajui kama mwaka ujao atakuwa bado ana nyumba, anafanya kazi ngumu kuliko mwenzake wa Leipzig.

Kwa sababu hiyo vyombo havifai kwenda nyumbani na watoto wadogo. Ni heri vikae mahali pamoja penye kufuli, shuleni au kanisani, na watoto wavifuate. Hali kadhalika, fidla huundwa kwa vipimo. Mtoto wa miaka saba hawezi kutumia ya mtu mzima, bali yafaa apewe ya robo au ya nusu, na akikua ampishe mwingine. Hivyo fidla moja ndogo huweza kulea watoto watano, mmoja baada ya mwingine, ikiwa itatunzwa.

Wala watu wasidhani kwamba fidla ni mgeni kabisa kwetu. Wajaluo wana orutu na Wakikuyu wana wandindi, vyombo vya uzi mmoja vinavyopigwa kwa upinde. Huko Unguja, chama cha Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905 kimepiga taarabu kwa miaka zaidi ya mia, na fidla ni miongoni mwa vyombo vyake. Mtoto wa Mukuru ambaye babu yake alipiga orutu Nyanza tayari ana sikio. Anachokosa ni mtu wa kumwonyesha.

NJIA YA KIJANA ATAKAYE KAZI HII

Kijana akitaka kuwa kiongozi wa okestra, asianze na kijiti. Aanze na chombo kimoja, akijue barabara. Mitihani ya Associated Board, shirika la London lililoanzishwa mwaka 1889, ina madaraja manane, nayo hufanywa Kenya pia. Pamoja na chombo chake ajifunze kinanda kidogo, kwa kuwa kinanda humfundisha kusikia sauti nyingi kwa wakati mmoja. Ajifunze elimu ya kupanga sauti. Akiwa bado anasoma, achukue kwaya ya watoto au bendi ndogo ya shule na kuiongoza, maana hapo ndipo atakapojua kama ana subira. Akifika chuo, Chuo Kikuu cha Kenyatta ni miongoni mwa vinavyotoa shahada ya muziki.

Je, itampa riziki? Kwa kuongoza okestra peke yake, katika Afrika Mashariki ni vigumu. Okestra zetu ni chache na wapigaji wengi hawalipwi mshahara wa mwezi. Lakini kwa kufundisha, wako walio na riziki ya kweli: katika shule, katika vyuo, katika bendi za serikali, makanisani na katika nyumba za watu. Levi Wataka, Mkenya ambaye ameiongoza okestra ya taifa ya vijana, ni mmoja wa wanaoonyesha kwamba mahali hapo mbele ya wapigaji si pa mgeni tena.

Serikali nayo ina sehemu yake. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, muziki ulikuwa miongoni mwa masomo yaliyotahiniwa katika shule za msingi. Baadaye uliondolewa katika mtihani, na shule nyingi zikaacha kuufundisha, kwa kuwa lisilotahiniwa halipewi saa. Mtaala wa umilisi ulioanza mwaka 2017 umeurudisha, na katika sekondari ya juu sanaa na michezo ni mojawapo ya njia tatu ambazo mwanafunzi aweza kuchagua. Lakini njia iliyoandikwa kwenye karatasi haimfikishi mtu popote ikiwa shule haina mwalimu wa kumwongoza. Shule ya Mukuru kwa Njenga itaweza kuitumia njia hiyo ikiwa tu yuko mwalimu wa muziki aliyesomea kazi hiyo na kulipwa kwa ajili yake.

MANENO KWA WAZAZI NA WAZEE WA MTAA

Wazazi wengi husema muziki ni mchezo, na mchezo haujazi chungu. Hatuwalaumu, kwa kuwa kodi ya nyumba haingoji. Lakini watazame ni kitu gani mtoto hujifunza mle ndani ya okestra. Hufika kwa saa, kwa sababu mmoja akichelewa wote hawaanzi. Hunyamaza kwa mapigo thelathini huku akihesabu, ili apige noti moja mahali pake. Humsikiliza jirani yake kabla ya kujisikiliza mwenyewe. Mwenye kiwanda au mkuu wa ofisi hutafuta watu wa tabia hiyo, hata kama hajui fidla ni kitu gani.

Mtaa usiongoje okestra iletwe kwa lori. Uanze na kile kilichopo. Karibu kila kanisa la Mukuru lina kwaya, na kila kwaya ina mwalimu ajuaye do, re, mi. Mwalimu huyo akipata mtu wa kumfundisha noti za mistari mitano, na akapewa chumba mara mbili kwa juma, tayari darasa limeanza. Filimbi ndogo za plastiki, ambazo bei yake si kubwa, zatosha kwa mwaka wa kwanza. Fidla zije baadaye, wakati wako watoto wanaoweza kuzisoma noti zake. Na watu wenye vyombo vilivyolala kabatini, huko mitaa ya juu, watafanya jambo jema wakiviazima kuliko kuviacha vikaliwa na mende.

Zaidi ya yote, wazee wa mtaa, makanisa na wafadhili wakae na kuamua juu ya malipo ya mwalimu. Ni rahisi kupata mtu wa kutoa tarumbeta, kwa sababu tarumbeta yang'aa katika picha. Ni vigumu kumpata wa kutoa mshahara wa mwalimu kwa miaka mitano, kwa sababu mshahara haupigwi picha. Hata hivyo, tarumbeta bila mwalimu itakuwa chuma cha kuuzwa kwa mnunuzi wa vyuma vikuukuu kabla ya mwaka kwisha.

Wale vijana 11 wa gereji la Caracas walihitaji miaka mingi kabla ya dunia kuwasikia, na wale wa Kinshasa walihitaji 16 kabla ya filamu yao. Mtoto wa Mukuru kwa Njenga aliye na umri wa miaka saba leo, akianza mwaka huu, atakuwa na miaka 23 muda kama huo utakapokwisha. Huo ndio umri wa kijana anayeweza kusimama mbele ya wapigaji na kuinua mkono, ikiwa katika miaka yote hiyo alikuwako mtu wa kumfundisha.